Tembo, Duma na Mwandishi

Mjomba wangu ni mchimbaji wa dhahabu kule Chunya. Kila akishuka Mbeya mjini hunikuta na daftari langu la riwaya, naye huuliza lile lile: "Mjomba, hivi hayo makaratasi ni shilingi ngapi?" Siku zote nilikuwa nakosa jibu. Safari hii, ndugu msomaji, nilimjibu kwa historia ya sarafu.

Dhahabu ya Lupa ilionekana 1922, na mji wetu wa Mbeya, ulioanza 1927, ulikua kwa pilikapilika za wachimbaji. Lakini sarafu ya dhahabu ilikuwa imeshatengenezwa nchini kabla ya hapo. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari, na Wajerumani wakaishiwa hela. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakaifua Tabora katika karakana ya reli. Zikatoka sarafu zaidi ya 16,000 za rupia 15, zenye picha ya tembo. Mwaka 1974 Tanzania huru nayo ikatoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Safari hii akachorwa duma.

Tembo, duma. Mwandishi je? Wenzetu wanaye. Uingereza ilimkumbuka Charles Dickens kwa sarafu ya pauni 2 mwaka 2012, miaka 200 tangu azaliwe. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Shakespeare, miaka 400 tangu afariki. Uso wake hawakuuchora. Walichora fuvu, taji na kofia ya mchekeshaji, alama za tamthilia zake. Za kawaida zilikwenda sokoni, za dhahabu zikauzwa kwa wakusanyaji. Mwaka huohuo Marekani ikamweka Mark Twain kwenye dhahabu ya dola 5.

Mjomba akacheka. "Si unaona? Huko ndiko wanakothamini. Hapa andika tu, utakufa njaa."

Nikamwomba sarafu. Akatoa shilingi 100.

"Huyu nani, mjomba?"

"Mwalimu. Kwani wewe humjui?"

Nikamwambia huyo naye ni mwenzetu wa kalamu. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Hakuridhika nayo, akairudia. Ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Kazi hiyo aliifanya akiwa na nchi nzima mabegani. Kwa hiyo mwandishi yumo kwenye sarafu yetu, ila aliingilia mlango wa Ikulu. Shaaban Robert, aliyefariki 1962 akiwa na kalamu tu, sarafu yake sijawahi kuishika.

Je, tudai afuliwe ya dhahabu? Mimi nisingekataa, na dhahabu Chunya bado ipo. Lakini nakumbuka shule niliyosoma Iringa. Darasa zima tulikuwa na nakala moja ya Kusadikika. Ilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likang'oka, na kurasa za mwisho tukazinakili kwa kalamu ili wa nyuma yetu wasikose. Sarafu ya dhahabu hufungiwa sandukuni isichubuke. Kitabu kile kilichakaa kama shilingi ya sokoni, na mimi nikaanza kuandika kwa sababu yake. Basi nikipewa kuchagua, kwanza naomba nakala arobaini za Kusadikika. Dhahabu ije baadaye.

Tangu 2022 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni mwanzo mzuri, wenzangu. Tupeleke miswada yetu. Ila tusiandike kwa kuisubiri.

Mjomba aliigeuzageuza ile shilingi mia, akairudisha mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka: "Hicho cha Kusadikika, Chunya kinauzwa wapi?"

Swali hilo nalo nilikosa jibu.