Ndizi, mkate na daktari aliyepatia kwa kukosea

Jumapili iliyopita nilijitia mpishi. Rafiki yangu mmoja hali ngano, mama yake ana kisukari, na wote wawili walikuwa wageni wangu. Nikaponda ndizi mbili mbivu, nikachanganya na mayai na lozi za kusaga, nikatia iliki, nikaoka. Keki ilitoka tamu, ila katikati ilizama kama shimo la barabarani!

Kilichokosekana ni gluteni, ile protini ya ngano inayovutika kama mpira na kushika hewa ndani ya unga. Zamani nilidhani kuikwepa ni fasheni ya wenye pesa tu. Kumbe jamani, historia yake imeanzia kwenye wodi za watoto waliokuwa wakifa.

Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, alichapisha maelezo ya ugonjwa tunaouita leo seliaki. Mtoto anaharisha, tumbo linavimba, mwili unakonda. Gee alisema kama kuna tiba, basi itakuwa ya chakula. Ila chakula gani? Hilo hakulipata.

Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akatoa taarifa ya watoto 10. Wanane walipewa mlo wa ndizi kwa wingi, wakapata nafuu. Wawili hawakupewa, wakafa. Mlo huo ulikataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Ndizi zikageuka dawa! Haas aliamini adui ni wanga, isipokuwa ule wa ndizi mbivu. Tena aliandika kwamba kule Puerto Rico watu wa mjini waliokula mkate sana waliugua, lakini wakulima waliokula ndizi hawakuugua. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Akaitazama ndizi, akausahau mkate.

Kosa hilo halikuwa dogo. Haas aliamini mtoto akishapona anaweza kurudi kwenye chakula cha kawaida. Leo tunajua seliaki ni ya maisha yote. Mtoto aliyerudishiwa mkate alirudishiwa ugonjwa.

Aliyeutazama mkate ni Mholanzi, Willem-Karel Dicke. Aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulip. Inasimuliwa sana kwamba watoto wa seliaki walipata nafuu mkate ulipoadimika, wakaugua tena uliporudi. Dicke hakutegemea masimulizi matupu. Yeye na wenzake waliwapa watoto ngano, wakaiondoa, wakapima mafuta kwenye choo chao. Mwaka 1950 akayaandika hayo katika tasnifu yake ya Utrecht. Mwaka 1952 watafiti wa Birmingham wakamaliza ubishi: si wanga wa ngano, ni gluteni.

Sasa turudi mezani kwangu. Hadi leo tunachanganya mambo yale yale aliyoyachanganya Haas. Mtu akiona pakiti imeandikwa "haina gluteni" anadhani inamfaa kila mgonjwa. Hapana! Vitumbua na mkate wa kumimina, vikiwa vya mchele mtupu, havina gluteni, na bibi zetu wamevipika bila kusoma pakiti yoyote. Rafiki yangu anakula bila wasiwasi. Lakini wanga na sukari vimejaa humo, kwa hiyo mama yake lazima apime. Hata keki yangu, pamoja na lozi zote zile, ilikuwa na sukari ya ndizi. Mama alikata kipande chembamba, rafiki yangu akala robo nzima.

Keki moja, wagonjwa wawili, sababu mbili tofauti. Kwa hiyo ukimwoneа mwenzako anakataa andazi, kabla hujasema anaringa, muulize kwanza: unakwepa nini?