Inzi Azaaye Mmoja na Serikali Iliyohamisha Watu

Kila ninapofundisha historia ya magonjwa, kuna jambo dogo la maumbile ambalo wanafunzi wangu hulipokea kwa mshangao: mbung'o hatagi mayai. Jike hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha kwa majimaji yafananayo na maziwa, na baada ya siku tisa au kumi humzaa. Buu huyo hujifukia udongoni na kukaa humo takriban mwezi mzima hadi awe inzi kamili. Nzi wa jikoni hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o, katika uhai wake wote, huzaa watoto wachache wa kuhesabika.

Imekuwaje basi kiumbe mwenye uzazi haba namna hii awe sababu ya kuhamishwa kwa maelfu ya watu? Kwa Tanzania, pa kuliulizia swali hili ni Buha.

Anayesimama katika miinuko ya Muyama, zamani Kasulu na leo wilaya ya Buhigwe, yumo katika nchi ya baridi, ya migomba na malisho. Akishuka mashariki kupitia Kibondo huingia katika misitu ya miombo inayoelekea mabonde ya Moyowosi na Malagarasi. Huko ndiko kwa mbung'o. Waha wa kale waliishi na mpaka huo kwa kuushughulikia: walifyeka, walichoma nyasi kwa majira, walilima na kuchunga. Mbung'o huhitaji kivuli, palipofyekwa hapakai.

Utaratibu huo ulivunjwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Vikafuata vita vya wakoloni, Wabelgiji wakiishika Kigoma tangu 1916 hadi 1921, kisha kodi ya Waingereza, iliyowasukuma vijana wa Kiha kwenda manamba katika mashamba ya mkonge. Mikono ya kufyeka ikapungua, pori likasogea, na inzi akasogea nalo.

Sayansi ya wakati huo haikuwa ya kubeza. Mwaka 1903, huko Uganda, David Bruce na wenzake walihusisha malale na mbung'o. Mwaka 1909 Friedrich Kleine, daktari wa Kijerumani aliyekuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, alionyesha kwamba kimelea hukua kwanza ndani ya inzi kwa siku kadhaa kabla ya kuambukizwa tena. Na malale ilikuwa ikiua kweli. Asiyetibiwa hufa.

Tatizo ni uamuzi uliotolewa kwa jina la sayansi hiyo. Kuanzia 1933 serikali ya Tanganyika iliwakusanya watu wa Buha waliokuwa wameishi kwa kutawanyika, kila ukoo na migomba yake, na kuwaweka katika makazi ya pamoja. Hoja ilikuwa kwamba watu wengi mahali pamoja wataweza kufyeka pori na kujikinga. Ndiyo hoja ile ile waliyokuwa wakiiishi wazee, ila sasa ilirudi ikiwa amri, bila mwenye shamba kuulizwa. Ardhi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, nayo sehemu kubwa ya nyanda za mashariki ya Kibondo leo ni Pori la Akiba Moyowosi.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Bendera ilikuwa yetu na lengo lilikuwa jingine: shule, maji, zahanati, ujamaa. Lakini fikra ya msingi haikubadilika: Muha anayeishi kwa kutawanyika ni tatizo, na dawa yake ni kumhamisha. Naandika hili bila kuilinganisha nia ya wakoloni na ya Mwalimu. Ninacholinganisha ni mazoea ya ofisi.

Tazama sasa Unguja. Huko pia mbung'o alikuwepo, akidhoofisha ng'ombe kwa nagana. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza na udhaifu ule niliotangulia kuutaja: inzi anayezaa mmoja mmoja akipunguzwa, hawahi kujijaza. Tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Wakafuga mbung'o Tanga, wakawahasi madume kwa mionzi, wakawaachia kwa ndege juu ya kisiwa. Jike aliyekutana na dume hao hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996. Hapakuhamishwa kijiji hata kimoja.

Najua Kibondo si kisiwa, na inzi wa bara huweza kurudi kutoka pori la jirani. Najua pia kwamba mwaka 1933 elimu hiyo haikuwapo. Lakini hata mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazomvuta mbung'o, ni kazi ambayo wanakijiji wanaweza kuifanya wenyewe, nyumbani kwao.

Ndugu zangu watumishi wa umma, majalada ya kuhamisha watu hayajaisha nchini, na kila moja huja na hoja ya kitaalamu: mafuriko, hifadhi, vyanzo vya maji. Hoja hizo zaweza kuwa za kweli kabisa, kama malale ilivyokuwa ya kweli. Kabla ya kutia saini, ulizeni mambo mawili. Watu wa pale walikuwa wakilikabilije tatizo hili kabla yetu, na ni nini kiliwavunjia uwezo huo?