Kuvuta, Kula na Kubeba: Maneno ya Umeme wa Sandukuni

Mkoa wa Morogoro hauna uhaba wa vituo vya umeme. Kidatu, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975, kina uwezo wa megawati 204. Kihansi kina 180. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mpakani na Pwani, limejengwa kwa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingia kazini Februari 2024. Kwa hiyo mtu wa Morogoro akisikia "kituo cha umeme" huona bwawa, mitambo na nyaya zinazokatiza nchi. Leo jina hilo hilo, limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, linabandikwa kwenye sanduku lenye mshikio, la kupakiwa kwenye bodaboda hadi Mgeta au Kinole ili umeme ukikatika nyumba isibaki gizani.

Jina hilo halikai. Kituo huzalisha, sanduku hili halizalishi kitu. Ndani mna betri, siku hizi za lithiamu, pamoja na inveta inayougeuza umeme wa betri ufanane na ule wa ukutani. Ukilichaji kwa umeme wa TANESCO au kwa paneli ya sola, linatunza. Usipolichaji, halina msaada wowote. Wapo wauzaji wanaoliita jenereta ya sola, na kosa ni lile lile, tena limeongezewa ahadi ya jua. Wahandisi husema hifadhi ya nishati. Ni istilahi safi, ila huku chini ya milima ya Uluguru neno hifadhi lina wenyewe: Mikumi, na msitu wa asili ulio juu ya mji wetu. Mimi nachagua ghala la umeme. Ghala hutoa kilichowekwa, halizidishi, na Mswahili yeyote analijua hilo bila kuelezwa.

Hata hivyo, jina la sanduku ni dogo mbele ya namba zilizoandikwa ubavuni mwake. Namba zenyewe ni mbili: wati, na wati-saa. Ya kwanza inasema sanduku linaweza kutoa umeme kiasi gani kwa mara moja. Ya pili inasema limetunza kiasi gani kwa jumla. Muuzaji akikuambia "hii ya mia tano", hajakuambia kitu mpaka ataje mia tano ya nini.

Kinachonifurahisha ni kwamba watu wa mitaani walikwisha kuzitenganisha hizo mbili zamani, kwa vitenzi. Pasi inavuta umeme. Friji mbovu inakula umeme. Kuvuta ni kwa wakati ule ule. Kula ni kwa muda. Birika la umeme huvuta wati 2,000, lakini kwa dakika chache tu maji yamechemka, hivyo halili sana. Friji ndogo ikivuta wati 80 huonekana mpole, kumbe hurudia kuvuta mchana kutwa na usiku kucha, na kufika kesho yake imekula kuliko birika. Kisha kuna kitenzi cha tatu, cha mafundi: kubeba. "Jenereta hii haibebi friji," fundi atasema, na mteja ataelewa papo hapo.

Sasa chukua ghala la wati-saa 1,000 ambalo inveta yake hubeba wati 600. Mwenye nalo anachomeka birika. Sanduku linajizima, ingawa limejaa. "Limekataa," anasema, na kesho yake yuko dukani kulirudisha kama bovu. Si bovu. Birika limevuta kuliko sanduku linavyoweza kubeba. Friji nayo ina hila yake: mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, kwa nukta moja au mbili, na inveta ndogo huishia hapo hapo. Lakini kinyozi wa Bigwa mwenye mashine ya wati 15 na taa ya wati 10 atanyoa na sanduku hilo siku nzima, na chaji ibaki.

Wati-saa yenyewe inaandikwa vibaya mno. Magazetini tunasoma "kilowati kwa saa". Neno kwa, katika vipimo, ni la kugawanya: kilomita kwa saa ni mwendo, umbali uliogawanywa kwa muda. Kilowati-saa ni kuzidisha, kilowati mara saa. Kistari kile kidogo kina kazi, na anayekiondoa na kuweka kwa amebadilisha hesabu yenyewe. Hili ni jambo ambalo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wahariri wetu wangelikazia macho.

Ila kwa mnunuzi iko njia fupi zaidi. Luku, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ilitufundisha sote neno yuniti. Yuniti moja ni wati-saa 1,000. Basi lile sanduku la wati-saa 1,000, kwa bei yake yote, lina yuniti moja, ile ile unayonunua kwa simu, tena inveta hujilia sehemu yake, kama sehemu moja ya kumi au zaidi. Ukilipima hivyo, unajua mara moja kwamba halikununuliwa kwa ajili ya kupigia pasi, ambayo ingelimaliza upesi kama lingeweza kuibeba. Ni la taa, simu, redio, feni, televisheni, na friji ndogo kwa usiku mmoja.

Wenye maduka wa Morogoro, andikeni hivyo ubavuni kwa Kiswahili: linabeba wati kadha, lina yuniti kadha. Na wewe unayepanda nalo milimani, usitoe pesa yako kabla muuzaji hajakujibu yote mawili.