Nauli ya London Ilipofikishwa Mahakamani

Sisi tunaopanda basi la alfajiri kwenda kazini hapa London huilalamikia nauli kama tunavyoilalamikia baridi, kana kwamba imeshuka kutoka mawinguni. Nauli hupangwa na watu, na iliwahi kupiganiwa.

Mei 1981 chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa Baraza Kuu la London, Ken Livingstone akawa kiongozi wake. Oktoba nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi zikapunguzwa kwa karibu theluthi moja, na pengo likazibwa kwa kuongeza kodi ya majengo. Abiria wakaongezeka.

Halmashauri ya Bromley, ambako treni hizo hazifiki, ikaenda mahakamani: kwa nini wakazi wake walipie safari za wengine? Desemba majaji wote watano wa Baraza la Malodi wakaipa ushindi. Walishikilia hasa neno moja la sheria ya 1969, iliyotaka usafiri uwe "wa kiuchumi". Kwao maana yake ilikuwa kuendesha mabasi kama biashara. Lakini mji ambao wauguzi na wafagizi wake wanamudu kufika kazini, huo nao si uchumi? Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu.

Mwaka 1983 Baraza likazishusha tena, safari hii kwa hadhari ya kisheria. Serikali ya Thatcher ikalivunja 1986. Livingstone alirudi 2000 akiwa meya, na ni chini yake, kuanzia 2005, watoto wetu wasiofika miaka 16 walianza kupanda basi bure.