Mgonjwa wa Mwisho



Mwaka 1617, huko Châtillon nchini Ufaransa, Padri Vincent de Paul alikuwa akijiandaa kwa Misa ya Dominika alipoarifiwa kwamba jamaa moja nje ya mji imeugua yote, wala hakuna wa kuihudumia. Akahubiri juu yao, na baada ya hapo njia ikajaa watu waliobeba vyakula. Padri alifurahi, lakini akaona kasoro: chakula cha leo kilizidi, na kesho wagonjwa wangekosa tena. Mapendo yalikuwepo, utaratibu haukuwepo.

Basi akawakusanya wanawake, akawaandikia kanuni. Kila mmoja kwa zamu yake apike, apeleke chakula nyumbani kwa mgonjwa, amnawishe mikono, amkatie nyama. Tena aanze na mwenye ndugu wa kumtunza, amalizie kwa aliye peke yake, ili apate kukaa naye zaidi.

Huko Paris, baadhi ya mabibi wakubwa waliona haya kubeba chungu cha supu njiani, wakawatuma watumishi. Ndipo alipokuja Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma mwenyewe, akaifanya kazi hiyo kwa hiari. Mwaka 1633 alifariki kwa tauni, baada ya kumlaza mgonjwa wa tauni kitandani mwake. Mwaka huohuo Vincent na Louise de Marillac wakaanzisha Mabinti wa Mapendo.

Hata leo, anayemwogesha mzee nyumbani kwake huhesabiwa kuwa mtumishi tu. Katika mtaa wenu, ni nani mgonjwa wa mwisho? Na ni nani atakayekaa naye?