Sauti Zilizovuka Ziwa: Rumonge na Utamaduni wa Ufukwe wa Tanganyika

Wanaoandika juu ya utandawazi katika Afrika Mashariki mara nyingi huanzia kwenye dishi la setilaiti na simu ya mkononi. Ukiwafuata hadi Rumonge, mji wa wavuvi na michikichi ulioko kusini mwa Bujumbura, utakuwa umechelewa kwa zaidi ya karne nzima. Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, mitumbwi ya bandari ya Ujiji ilikuwa imezoea kutia nanga katika ufukwe huu. Ilileta merikani, shanga na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili, Uislamu na kanzu vilishuka kutoka mitumbwi hiyo hiyo, na damu ya biashara ile haiwezi kutenganishwa na utamaduni ilioleta.

Mambo haya yalibaki ufukweni kwa sababu milima ilikuwa na mwenyewe. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi tangu katikati ya karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1908, hakuwaruhusu wafanyabiashara wa ziwani kupanda kwake. Hata Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kubwa Ujiji, alishindwa kuzitia mkononi nyanda za juu. Hivyo Uswahili wa Burundi ukawa utepe mwembamba kando ya maji, na kwa muda mrefu kuitwa Mswahili huko milimani hakukuwa sifa njema.

Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ziwa lilipata mlango wa Bahari ya Hindi. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani, ikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa baadaye, ilianza tena safari mwaka 1927. Bidhaa, wasafiri na mitindo ya nguo vilipita njia hiyo. Baadaye mawimbi ya redio yakapita bila tikiti: Dar es Salaam upande mmoja, Zaire upande wa pili. Wanamuziki nao walihama kutoka Kongo kwenda mashariki, akiwemo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 akajiunga na Orchestra Makassy. Ufukwe wa Burundi ulikuwa katikati ya pande hizo mbili, nao ulisikiliza kote.

Dunia, kwa upande wake, ilichagua sauti nyingine. Mwaka 1967 ngoma za Warundi wa bara zilirekodiwa na sahani ikatolewa Ufaransa. Mwaka 1971 sauti hiyo ilitiwa piano na gitaa ikawa wimbo wa dansi ulioitwa Burundi Black. Mwimbaji Joni Mitchell akaitumia mwaka 1975, na miaka michache baadaye bendi za London zikajenga midundo yao juu yake. Wapigaji wenyewe walipanda jukwaa la tamasha la WOMAD nchini Uingereza mwaka 1982, na mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza ngoma hiyo katika orodha yake ya urithi. Ni heshima iliyostahili. Lakini picha ya Burundi iliyobaki vichwani mwa wageni haina ziwa, haina Kiswahili, haina Rumonge.

Ufukwe ulikuwa na msiba wake. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulilipuka Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Familia nyingi zilikimbilia Tanzania, zikapewa makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mashamba yao ya michikichi yakapata wenyewe wapya. Ugenini, watoto wao walisomeshwa kwa Kiswahili na kukua na redio za Tanzania. Vita vya miaka ya 1990 vilifukuza wengine, na Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuti huko Ngara mwaka 1995, ikawa sauti ya kambini.

Waliokimbia mwaka 1972 walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008. Wengine waliwekwa katika vijiji vipya kama Mutambara, hapa Rumonge, huku kesi za ardhi zikiwasubiri. Mtoto aliyezoea mwalimu wa Kiswahili alikutana darasani na Kifaransa, lugha asiyoijua kabisa. Ninaamini hakuna kituo cha televisheni kilichogusa ladha ya ufukwe huu kama watu hawa. Bongo fleva na filamu za Kibongo zilipovuma Burundi, wao hawakuzipokea kama vitu vya kigeni. Zilikuwa nyimbo za ujana wao na sinema za nyumbani kwao kwa pili. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, msiba wake haukuishia mpakani.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kugeuka. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika shule za msingi. Lugha iliyodharauliwa kama ya wachuuzi ikawa somo. Redio binafsi hazikubahatika hivyo: Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, kadhaa zilivamiwa na kuharibiwa, na wasikilizaji wakazidi kutafuta sauti za ng'ambo na za simuni.

Sauti za ng'ambo, lakini si za mbali. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwa mmoja wao, walitoa wimbo wa pamoja, Leka Dutigite. Jina hilo ni la Kiha, lugha ndugu ya Kirundi. Vijana wa Dar es Salaam walihitaji kuelezwa maana yake. Wa Rumonge hawakuhitaji.