Oksijeni katika damu

Kiwango cha oksijeni katika damu ni asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni. Mtu mwenye afya anayeishi karibu na usawa wa bahari huwa na asilimia 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 90 kwa kawaida ni hatari.

Kipimo cha uhakika hufanywa kwa damu ya ateri. Kifaa cha kubana kidoleni, kilichotokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hutumia mwanga mwekundu na wa infraredi. Hemoglobini yenye oksijeni hufyonza zaidi infraredi; isiyo nayo hufyonza zaidi ule mwekundu. Kifaa hulinganisha miali hiyo kwa kila pigo la moyo.

Hata hivyo kifaa hiki hudanganyika. Mikono ya baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi huvuruga kipimo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu.

Kibaya zaidi ni jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini, na kifaa huihesabu kama oksijeni: mtu anakaribia kuzimia, namba inaonyesha 98. Atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.